Mkusanyiko wa falsafa katika maktaba ya chuo kikuu: nilivyouanza na ninavyoutunza

Kabla ya kununua hata kitabu kimoja, nilikusanya silabasi. Idara ya falsafa peke yake haitoshi. Sheria wana falsafa ya sheria, sayansi ya siasa wana nadharia za haki na dola, udaktari na uuguzi wana maadili ya tiba, hisabati na kompyuta wana mantiki, elimu wana falsafa ya elimu. Kila silabasi niliigawa safu tatu: kinachosomwa kwa lazima, kinachopendekezwa, na kinachotajwa kwa jina tu. Safu ya kwanza huamua idadi ya nakala. Ya pili hupata nakala moja moja. Ya tatu hupuuzwa na wengi, lakini ndiyo inayokuonyesha mijadala ambayo wahadhiri wanaijua na maktaba haina kitu chake.

Kisha nikapanga kina cha kila tawi kwa ngazi za 0 hadi 5 ambazo wakutubi wamezitumia kwa miongo kadhaa: 0 ni nje ya upeo, 1 ni kidogo kabisa, 2 taarifa za msingi, 3 mafundisho ya shahada, 4 utafiti, 5 kila kinachopatikana. Maadili na mantiki nilizipa 3 iliyo imara, kwa kuwa zinasomwa na wanafunzi wa idara nyingi. Tawi lenye wasimamizi wa tasnifu za uzamivu linastahili 4. Ujumi, yaani falsafa ya uzuri na sanaa, kama haufundishwi, 2 inautosha. Ngazi hizi ziandikwe ukurasa mmoja, zikubaliwe na idara, na zihifadhiwe pamoja na bajeti. Bila karatasi hiyo, fedha zikipungua hukatwa tawi la yule asiyelalamika.

Sasa niseme jambo ninaloliona kubwa kuliko yote: katika falsafa unachagua toleo, si jina la kitabu. Wanafalsafa hawamnukuu Plato kwa kurasa za kitabu walichoshika mkononi. Wanatumia namba za toleo la Stephanus la 1578, ambazo tafsiri nzuri huzichapa pambizoni. Aristotle ananukuliwa kwa namba za Bekker, za toleo la Berlin lililoanza kutoka 1831. Kitabu cha kwanza cha Kant cha uhakiki kinanukuliwa kwa herufi A na B, yaani toleo la 1781 na la 1787. Kwa hiyo kipimo changu ni rahisi: nafungua tafsiri mpaka mwanzo wa kitabu cha VII cha Jamhuri ya Plato na kutazama pambizo. Nikiona 514a, naendelea kukikagua. Pambizo ikiwa tupu, nakirudisha, hata kiwe na jalada zuri kiasi gani. Mwanafunzi aliyeambiwa asome 514a hadi 520a hataweza kufanya lolote nacho isipokuwa kubahatisha.

Hatari kubwa hapa ni vitabu vinavyochapwa kwa oda kutokana na picha za tafsiri za karne ya 19 ambazo haki zake zimekwisha. Ni rahisi, na ndiyo maana huponza maktaba nyingi. Maneno ya Kigiriki hugeuka takataka kwa sababu programu ya kusoma herufi haikuyatambua, tanbihi hujichanganya na matini, na mara nyingi hata jina la mfasiri halipo. Kabla ya kuagiza natafuta vitu vitatu kwenye ukurasa wa hakimiliki: mfasiri, mwaka wa tafsiri, na matini asilia iliyofuatwa. Kimoja kikikosekana, siagizi.

Tafsiri pia huleta nakala rudufu zilizojificha. Kitabu kidogo cha Kant cha 1785 kuhusu misingi ya maadili kimetoka kwa Kiingereza kwa majina kadhaa: Groundwork, Foundations, Grounding, Fundamental Principles. Anayetafuta kwenye katalogi kwa jina la jalada hupata kimoja na kukosa vingine, na anayeagiza hudhani ananunua kazi mpya. Dawa yake ni kujaza jina sanifu la kazi katika uga wa 240 wa rekodi ya MARC (muundo wa kompyuta wa taarifa za katalogi), kwa jina la Kijerumani, kwa kila tafsiri. Ni kazi ya kuchosha, lakini ikishafanyika, tafsiri zote hujipanga pamoja kwenye skrini na msomaji anachagua.

Vitabu vya mantiki vina tabu yake. Mazoezi hubadilishwa namba kutoka toleo hadi toleo, kwa hiyo nakala zote za kozi lazima ziwe za toleo analotumia mhadhiri. Alama nazo hutofautiana: kitabu kimoja kinaandika "ikiwa, basi" kwa mshale, kingine kwa kiatu cha farasi (⊃); "na" inaweza kuwa &, nukta, au ∧. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akipewa vitabu viwili vya alama tofauti, hupoteza muda mwingi kabla hajaanza kufikiri. Nilibandika ukurasa wa ulinganisho wa alama ndani ya jalada la kila kitabu cha mantiki.

Upande wa rafu, msidanganywe na tarakimu za Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za masomo. Fungu la 100 linabeba pia 130, ambako wamo unajimu na mambo ya mizimu, na 150, yaani saikolojia. Ripoti inayosema "tuna vitabu vingi vya falsafa" kwa kuhesabu fungu lote haina maana. Toa 130 na 150 kwanza. Halafu ongeza falsafa iliyokaa kwingine: ya siasa 320.01, ya sheria 340.1, ya elimu 370.1, ya lugha 401, ya sayansi 501, ya hisabati 510.1. Hesabu hiyo ndiyo ya kweli.

Falsafa ya Afrika ina namba yake, 199.6, lakini kazi zake hutawanyika kwenye dini na anthropolojia, hasa za zamani. Hapa lazima ununue mjadala mzima. Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji aliyeandika kuhusu falsafa ya Kibantu (1945), akikaa rafuni peke yake anapotosha; anahitaji Alexis Kagame wa 1956 wa kuzungumza naye, Hountondji wa 1976 wa kumpinga, Wiredu wa 1980, na Odera Oruka wa 1990 aliyekwenda kuwasikiliza wazee wenye hekima. Wawili kati yao waliandika kwanza kwa Kifaransa, na Tempels matini yake ilianza kwa Kiholanzi, kwa hiyo uliza wahadhiri ni lugha zipi wanafunzi wanazisoma kweli. Kanuni hii naitumia kila mahali: pasipo na mpinzani, mkusanyiko una pengo.

Kwa vitabu vya lazima, naweka nakala moja kwa wanafunzi kama kumi na watano, na moja zaidi ya kusomwa ndani tu. Vitabu vya kidijitali husaidia, ila someni leseni: ile ya mtumiaji mmoja kwa wakati mmoja hufungwa usiku wa kuamkia mtihani, saa ile ile inapohitajika. Ensaiklopidia ya falsafa ya Stanford, iliyoanza 1995, ni ya bure, na huhifadhi toleo la kila robo mwaka, kwa hiyo inanukulika bila wasiwasi. Iwekeni kiungo ndani ya katalogi yenyewe.

Misaada ya vitabu napokea kwa sharti la maandishi kwamba maktaba ina hiari ya kuviondoa.

Kuondoa vitabu rafuni ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi. Kanuni ya "hakijaazimwa miaka kumi" inafaa udaktari na kompyuta, si hapa. Vitabu vingi vya falsafa husomwa mezani bila kuazimwa, kwa hiyo vilivyoachwa mezani tunavipitisha kwenye skana kabla ya kuvirudisha, ili matumizi hayo yahesabiwe. Ninachoondoa ni utangulizi wa zamani wenye toleo jipya, nakala za ziada za kozi iliyofutwa, na karatasi zilizokauka zikawa zinavunjika. Toleo jipya la matini ya msingi halimfukuzi la zamani. Toleo la nne la Uchunguzi wa Kifalsafa wa Wittgenstein, la 2009, lilibadilisha jina na mpangilio wa kile kilichokuwa Sehemu ya II, ilhali maandishi ya tangu 1953 yanaitaja sehemu hiyo kwa kurasa za matoleo ya awali. Yote mawili yanakaa rafuni, bega kwa bega, na kwenye rekodi ya kila moja kuna noti inayomwelekeza msomaji kwa mwenzake.