Tafakari ya Juma: Hawakuwa Wakosaji Kuliko Sisi

Somo: Luka 13:4–5

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Volkano ikiua watu, hakosi wa kusema Mungu ameuadhibu mji. Yesu alishaikata kauli hiyo: wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu hawakuwa wakosaji kuliko wenzao. Dhambi za marehemu si zetu kuzipima. Tuangalie walivyokufa.

Mlima Nyiragongo, volkano ya mashariki mwa Kongo, ulilipuka jioni ya 22 Mei 2021, mji wa Goma ukiwa chini yake. Katika hesabu ya kwanza ya serikali, watu 15, walioungua walikuwa 2 tu. Watu 9 walikufa kwa ajali barabarani wakikimbia, na 4 wakijaribu kutoroka gerezani. Kisha wengine wakakosa hewa wakikatiza juu ya lava, yaani mawe yaliyoyeyuka, iliyoonekana imepoa: juu nyeusi, chini bado inatoa gesi. Kabonidayoksaidi, mojawapo ya gesi hizo, ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni. Watu wa Goma huiita mazuku. Mbuzi na mtoto huanguka kwanza, maana pua zao ziko chini.

Sisi wa Arusha tuna volkano yetu, Ol Doinyo Lengai. Julai 2007 matetemeko ya jirani na mlima huo yalitufikia hadi mjini, na Septemba mlima ukarusha majivu juu ya malisho ya Wamasai. Majivu ya volkano hubeba floraidi, ileile inayotia meno yetu rangi ya kahawia. Kwa hiyo yakianza kudondoka, chomoa bomba la gata linaloingia kwenye tangi, funika tangi, na ng'ombe wale majani yaliyokatwa kabla, humo humo zizini. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi hubaki, nawe unakunywa kali zaidi. (Hili hurudiwa kila mara na bado sufuria zinabandikwa.) Mabati yasafishwe kabla ya mvua, kwa kuwa majivu yakilowa uzito wake waweza kuongezeka maradufu. Funga pua kwa kitambaa, nyunyiza maji kidogo tu vumbi litulie, ukae kwenye ngazi. Juu ya bati utateleza.

Huko Goma watoto wengi walipotezana na wazazi. Juma hili, kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba, kila familia itaje mahali pa kukutana, na mtoto akariri namba ya simu. Tuandike pia wazee wasioweza kutembea, na mbele ya kila jina jirani atakayemfuata.

Bwana, wakumbuke wa Goma waliobaki bila nyumba, nasi utupe miguu ya kuwafuata wazee wetu. Amina.