Kulia Ndiko Kunakobana

Naanza na kuanguka, kwa sababu wenzangu wa kijiweni Moshi wameshaisikia habari hiyo na kuipamba. Sasa wanasimuliana kwamba nilitumbukia korongoni. Sikutumbukia popote. Pikipiki ilizima katikati ya kona, kwenye milima ya Alpi huko Ulaya, ikainama kulia taratibu kama ng'ombe anayelala, nami nikabaki nimesimama juu yake, mguu huku na mguu kule, huku gari dogo la Mwitaliano likinipigia honi nyuma. Ilikuwa kona ya ngapi? Kibao kilikuwepo. Sikupata nafasi ya kukisoma.

Kabla ya chuo cha uuguzi niliendesha bodaboda Moshi mjini miaka miwili. Nimepandisha Kibosho na abiria wawili na gunia la mahindi, masika, kwenye matope. Kwa hiyo nilipohamia Kempten, kusini mwa Ujerumani, kufanya kazi hospitalini, niliamini kwamba katika mambo yote ya nchi hii nitakayofundishwa, pikipiki haitakuwemo. Kumbe leseni ya Tanzania inatumika kule miezi 6 tu. Baada ya hapo unaanza upya, nadharia na vitendo. Mtahini anakupitisha zigizaga kati ya koni za plastiki, anakutaka uende mwendo wa mtu anayetembea bila kuweka mguu chini, halafu ukimbie kilomita 50 kwa saa na usimame ghafla bila kuyumba. Nilifeli mara ya kwanza. Kijiweni hawajui hilo, na nawaomba mnaowajua mnitunzie siri.

Msafara wetu ulikuwa wa watu saba, siku nne, mwishoni mwa Juni. Kiongozi ni fundi magari mstaafu wa miaka 67, jirani wa dada mmoja wa wodi yetu. Dada mwenyewe alikuja na mumewe, kila mmoja na pikipiki yake. Waliobaki ni wazee watatu ambao wamekuwa wakienda pamoja kila mwaka tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Kule pikipiki kubwa ni starehe ya watu wazima waliomaliza kulipia nyumba. Mimi na miaka yangu 34 nilikuwa mtoto wa msafara, na nilikuwa juu ya Honda ya kukodi yenye uzito unaokaribia kilo 200. Boxer unaweza kuiinua huku unaongea na simu. Hii hapana.

Asubuhi ya kwanza kiongozi alitupanga. Nilidhani mwenye mwendo mdogo atawekwa mkiani, nikawa nimeshajiandaa kisaikolojia. La. Aliniweka nyuma yake mara moja. Mstari wa pikipiki ni kama mpira wa manati, alisema. Wa mbele akipunguza kidogo, wa mwisho anafunga breki, na wa mbele akiongeza kidogo, wa mwisho inabidi akimbie kufa. Ndiyo maana mkiani anakaa mzoefu kuliko wote. Sharti la pili: kwenye njia panda usikate kona mpaka umwone wa nyuma yako kwenye kioo. Hapo hata mstari ukikatika, hakuna anayepotea.

Tuliingia Austria kupitia bonde la Tannheim. Kule Tirol, eneo la Reutte, tangu 2020 barabara kadhaa zimepigwa marufuku majira ya kiangazi kwa pikipiki ambayo kadi yake inaonyesha mlio wa zaidi ya desibeli 95. Polisi hawahitaji kipimo. Wanasoma kadi tu. Mzee wetu mmoja ana pikipiki ya Kiitaliano anayoipenda kuliko anavyopenda kula, na kadi ikamsaliti. Ilibidi azunguke peke yake kwa barabara kuu, tukakutana Imst. Nikawaza vijana wa kwetu wanaotoboa egzosi makusudi ili mtaa mzima ujue wamefika.

Hapa niseme neno juu ya neno. Waalpi wana jina maalumu kwa mahali ambapo barabara inavuka mgongo wa mlima kutoka bonde moja kwenda jingine. Sisi wa Kilimanjaro hatukulihitaji sana, maana mlima wetu hauvukwi. Unauzunguka, au unaupanda na kurudi. Mimi nitaita mapito. Na zile kona ambazo barabara inajikunja na kurudi ilikotoka, nitaziita viwiko. Aliyepita Kitonga au aliyepanda Lushoto kutoka Mombo anajua ninachosema, ila azidishe.

Pito la kwanza lilikuwa Hahntennjoch, mita 1,894, barabara nyembamba chini ya miteremko ya changarawe tupu. Tuliposimama kunywa kahawa nilimshukuru kiongozi kwa ile "wewe" ya heshima ya Kijerumani ambayo kazini naitumia kwa kila mgonjwa. Akacheka. Kuna desturi milimani, akaniambia, kwamba ukishapita mita 1,000 heshima hiyo inabaki bondeni na watu wote wanaitana kwa "wewe" ya kawaida, ya marafiki. Nikamwambia kwetu hata ukifika Uhuru, mita 5,895, mzee anaamkiwa shikamoo. Akataka kujua inajibiwaje. Tangu hapo kila asubuhi alikuwa anasimama mbele ya pikipiki yangu anasubiri shikamoo yake, aipokee kwa "marahaba" yenye R mbili zaidi ya zinazohitajika.

Chakula cha mchana Landeck tulizungumzia mlima. Kiongozi alikuwa anamjua Ludwig Purtscheller, mzaliwa wa Innsbruck, aliyefika kilele cha Kibo pamoja na Hans Meyer tarehe 6 Oktoba 1889, siku ileile aliyotimiza miaka 40. Mimi nilikuwa namjua Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Marangu aliyewaongoza. Yeye hakuwahi kumsikia Lauwo. Mimi Purtscheller nilikuwa nimemsoma shuleni kama jina la pili tu baada ya "na". Tukaandikiana kwenye karatasi ya kufutia mikono ili tusisahau.

Jioni tulivuka pito la Reschen na kushukia Italia kando ya ziwa ambalo katikati ya maji yake umesimama mnara wa kanisa, peke yake. Kijiji cha Graun kilizamishwa mwaka 1950 kwa ajili ya bwawa la umeme. Watalii wanapiga picha wakicheka. Mimi nilipiga moja, sikucheka.

Siku ya pili ndiyo siku yenyewe. Barabara ya Stelvio ilijengwa kati ya 1820 na 1825 na mhandisi Carlo Donegani, kwa amri ya dola ya Austria iliyotaka njia ya kufikia Milano. Kutoka kijiji cha Prato unapanda takriban mita 1,800 kwa kilomita 25 hivi, na upande huo una viwiko 48. Vimepewa namba, lakini namba zinahesabiwa kutoka juu. Kwa hiyo unaanza na 48, na kila ukikunja unapunguziwa. Kwa mtu mwenye hofu ni huruma kubwa.

Mwanzo ni msitu, hakuna shida. Shida ilinianza miti ilipoisha, na chanzo chake sikukijua mpaka nilipoanguka. Mwili wangu umejifunza barabara kwa kushoto. Kwetu, kona inayokubana ni ya kushoto, kwa sababu wewe ndiye uko ndani. Ya kulia ina nafasi tele. Ulaya bara ni kinyume. Miaka mitatu ya kuendesha mjini Kempten haikuwa imeifuta hesabu ile, maana mjini hakuna kona ya kuidai. Stelvio iliidai. Kila kiwiko cha kulia nilikiingia kana kwamba nina upana wote wa dunia, nikajikuta nimebanana na ukuta wa ndani, mahali ambapo mteremko ni mkali kama ngazi. Ukiwa hapo na mwendo mdogo, gia ya pili, na jicho lako linaangalia tairi la mbele, injini haikuulizi. Inazima.

Waliiinua watu wawili, kiongozi na dada wa wodi. Ncha ya mkono wa breki ya mbele ilikatika, kioo kikapinda, basi. Goti langu lilikuwa salama. Heshima ndiyo iliyochubuka. Kiongozi hakunipa pole. Alinisimamisha pembeni, akanigeuza mabega kwa mikono yake, uso wangu ukaelekea barabara ya juu yetu, ile tutakayokuwa juu yake baada ya kukunja.

"Unaiona?"

"Naiona."

"Usiache kuiona. Pikipiki inakwenda macho yanakokwenda. Ukitazama ukuta, utaubusu."

Halafu akanielekeza yaliyobaki: kiwiko cha kulia kiingie kutoka upande wa nje wa njia yako, karibu na mstari wa katikati lakini usiuvuke; gia ya kwanza bila aibu; klachi iteleze kidogo; breki ya nyuma ikushikilie; na shingo igeuke mpaka iume. Shingo igeuke. Vitu vyote nilivyovifanya Kibosho bila kuvijua, kule kwa sababu ya matope, nilikuwa nimeviacha kwa sababu ya lami nzuri. Lami nzuri inakudanganya kwamba wewe ndiye hodari.

Viwiko vilivyobaki nilivipanda kama mtu anayemtafuta mtoto aliyepotea sokoni, kichwa kimegeuka kulia, kimegeuka kushoto. Namba 3, namba 2, namba 1, tukatokea juu, mita 2,757, kwenye maduka ya vikumbusho, moshi wa soseji na pikipiki zisizohesabika. Urefu ule, nilipiga hesabu, ni karibu sawa na kibanda cha Mandara kwenye njia ya Marangu. Pale Mandara bado uko pembezoni mwa msitu, kima wanakuchungulia. Hapa Stelvio hapakuwa na hata kichaka. Theluji ilikuwa imekaa kando ya barabara mwezi Juni, ikiwa nyeusi kwa vumbi, na mbele yetu barafu ya mlima Ortler. Nilishika theluji kwa glavu, nikaila kidogo. Dada wa wodi alinikemea kitaalamu.

Yaliyofuata siku hiyo yalikuwa mazuri mno, na nitayapita haraka kwa sababu nilikuwa nimechoka kuyaona vizuri: pito la Umbrail kuingia Uswisi, pito la Ofen kupitia hifadhi ya taifa iliyoanzishwa 1914, pito la Flüela mita 2,383, kulala Davos. Ninachokumbuka ni salamu. Waendesha pikipiki wanaopishana kule wanasalimiana kwa mkono wa kushoto ulioshushwa chini. Mkono huohuo ndio wa klachi. Wengine wana tabia ya kukusalimia katikati ya kona, na wewe mtoto wa Kiafrika uliyefundwa kuitikia salamu, unafanyaje? Nilianza kutikisa kichwa kwa adabu zote.

Siku ya tatu, mvua. Juu ya pito la Oberalp, mita 2,044, nilidhani uchovu umenipanda kichwani: mnara wa taa ya baharini, mwekundu, kwenye ukungu, hakuna bahari kwa mamia ya kilomita. Upo kweli. Mto Rhine unaanzia karibu na hapo, na mnara huo ni mfano wa ule uliokuwa Uholanzi mto huo unakoingia baharini. Kwenye pito la Furka, mita 2,429, tulishuka kuiangalia barafu ya Rhône. Sehemu yake imefunikwa mablanketi meupe ili isiyeyuke haraka pale walipochimba pango la kuwaingiza watalii. Mablanketi yamechakaa na kuchanika, yanaonekana kama mashuka ya wodi yetu siku ya kufua. Kiongozi alinionyesha kwa kidole mahali ilipofika barafu alipokuja kijana. Nikakitafuta kidole chake kinaelekea wapi, nikaona ni mwamba mtupu, mbali sana chini. Nikafikiria ya kwetu, tukavaa helmeti.

Na yale mabasi ya posta ya Uswisi, ya njano! Unasikia kwanza honi yake ya sauti tatu, kama wimbo unaoanza, kabla hujaliona. Kwenye barabara hizo za milimani yenyewe ndiyo yenye haki ya kupita, na likijaa kwenye kona, limejaa. Unarudi nyuma. Dereva wa daladala akiliona atalia machozi ya wivu.

Siku ya mwisho, tukirudi kwa pito la Klausen, tuliingia uwanda wa Urnerboden na kukuta barabara imejaa ng'ombe, kengele shingoni. Msafara mzima ukasimama. Wazee wenye uzoefu wa miaka 30 wakaweka miguu chini, wakazima injini. Kiongozi akanigeukia, akainua mikono kama anayeuliza.

Jamani, ng'ombe! Ng'ombe anapitwa nyuma ya mkia, siyo mbele ya pua. Unaenda gia ya kwanza, hupigi honi, na unamsemesha. Nikatangulia. Nikawasemesha kwa Kichaga, kwa kuwa Kijerumani cha ng'ombe sikijui, na wale sita wakanifuata kwa mstari mmoja kama vifaranga. Tulipotoka upande wa pili kiongozi hakunipita. Alinipungia mkono niendelee mbele, na viwiko vya kuteremka Klausen nikavishuka mimi wa kwanza, macho yakiwa yanatazama barabara ya chini, ya kulia na ya kushoto, mpaka bondeni.

Usiku nikiwa Kempten niliwatumia kijiweni picha ya Stelvio iliyopigwa kutoka juu, viwiko vyote vinaonekana kama utumbo uliomwagwa mlimani. Sauti ilirudi baada ya dakika chache, ya yule tuliyekuwa tunaegesha naye pikipiki pamoja.

"Kona arobaini na nane," alisema. "Sasa abiria ulimshushia wapi?"

Nikamjibu sikuwa na abiria.

Kimya. Halafu nikasikia anawageukia wenzake: "Anasema amekwenda tupu! Na mafuta kaweka mwenyewe!"