Miaka Miwili Waliyoikataa

Kila usiku wa Jumatatu hadi Alhamisi, ifikapo saa tatu, mimi huvua viatu mlangoni mwa nyumba moja hapa kaskazini mwa Virginia, nikanawa mikono hadi viwikoni, kisha nikaingia katika chumba cha mvulana wa miaka 11 ambaye hawezi tena kutembea, kuona wala kumeza. Wenzangu wa ughaibuni huiita kazi ya namna hii kubeba boksi. Mimi siwezi kuiita hivyo. Kila baada ya saa mbili ninamgeuza ubavu ili mgongo wake usipate vidonda, na mate yakimzidi ninayavuta kwa mashine ndogo yenye mpira mwembamba, kwa maana yakishuka kwenye mapafu yatamletea nimonia. Nimefika mahali ambapo ninausikia mkoromo wa koo lake ukibadilika kabla haujawa wa hatari, kama mpishi asikiavyo wali unapoanza kukauka maji.

Ugonjwa wake unaitwa adrenolyukodistrofi, na madaktari huufupisha kuwa ALD. Hurithiwa kupitia kromosomu ya X, kwa hiyo mwanamke anaweza kuubeba akiwa mzima, au akapata tu udhaifu wa miguu ukubwani, ilhali kila mtoto wa kiume anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Jeni yenye kasoro, iitwayo ABCD1, ilitambuliwa mwaka 1993. Kasoro hiyo huunyima mwili uwezo wa kuvunja asidi za mafuta zenye minyororo mirefu mno, nazo hurundikana hadi kuziharibu tezi za adrenali zilizo juu ya figo, na kwa baadhi ya wavulana hufuatiwa na kuharibika kwa mielini, yaani ala inayozifunika neva za ubongo kama mpira ufunikavyo waya wa umeme. Mtoto aliyekuwa akisoma vizuri huanza kutosikia maelekezo, kuangukaanguka na kukasirika bila sababu, na walimu humwona mkaidi.

Mama wa mvulana huyu ndiye aliyenieleza habari za Augusto na Michaela Odone, ambao waliishi katika eneo hili hili. Augusto alikuwa Mwitaliano, mchumi wa Benki ya Dunia. Michaela alikuwa Mmarekani. Mwaka 1984 waliambiwa kwamba mtoto wao Lorenzo, ambaye hakuwa ametimiza miaka sita, ana ALD na kwamba amebakiwa na takriban miaka miwili. Hawakuwa madaktari wala wanakemia. Walikwenda maktaba, wakasoma makala za tiba moja baada ya nyingine, na mwaka huo huo wakasaidia kuwakutanisha watafiti wa ugonjwa huo mjini Baltimore, alikokuwa Hugo Moser, bingwa wake mkubwa.

Walichokigundua kilihitaji akili iliyotulia. Kumnyima mtoto vyakula vyenye mafuta hayo kulikuwa hakusaidii, kwa sababu mwili wenyewe huyatengeneza. Augusto akafikiri kwamba kimeng'enya, yaani protini ya mwili inayoendesha kazi hiyo, kinachoirefusha minyororo hiyo kikipewa mafuta ya aina nyingine yasiyo na madhara, kitashughulika na hayo na kuacha kutengeneza yale mabaya. Mkemia Mwingereza, Don Suddaby, akakubali kuwatayarishia mafuta yaliyotokana na zeituni na mbegu za rapa, kwa uwiano wa nne kwa moja. Kiwango cha asidi zile katika damu ya Lorenzo kilishuka hadi cha kawaida.

Hapa ni lazima niseme kweli, kwa kuwa nimewaona Waswahili wenzetu wakitumiana mtandaoni habari za mafuta haya kana kwamba ni dawa ya kufufua. Mafuta hayakumrudishia Lorenzo kilichokwisha kuharibika. Mwaka 2005 Moser na wenzake walitoa matokeo ya wavulana 89 waliokuwa bado hawajaonyesha dalili, na yalionyesha kwamba wale ambao asidi zao zilipungua zaidi walikuwa katika hatari ndogo zaidi ya kuugua. Walioanza kuugua, mafuta hayawazuilii. Tiba kuu inayoweza kuusimamisha ugonjwa wa ubongo ni kupandikiziwa uboho mapema, dalili zikiwa bado ni chache. Ndiyo maana mwaka 2016 Marekani iliuingiza ALD katika orodha ya magonjwa ambayo watoto wachanga wanapendekezwa kupimwa, kwa tone la damu ya kisigino.

Hata hivyo Lorenzo hakufa baada ya miaka miwili. Alifariki tarehe 30 Mei 2008, siku moja baada ya kutimiza miaka 30, kwa nimonia. Michaela alikuwa ametangulia mwaka 2000. Miaka ile yote haikuletwa na mafuta peke yake, na hili ndilo linalonigusa mimi. Familia hiyo ilikuwa imeishi Komoro kabla ya mtoto kuugua, na kijana wa huko, rafiki wa Lorenzo, alivuka bahari akaja Virginia kumhudumia, akakaa naye miaka mingi. Mtu wa pwani yetu! Wazazi walikataa kukata tamaa, na kukataa kwenyewe kulihitaji mikono ya kumgeuza, kumlisha kwa mpira na kumsomea hadithi, usiku baada ya usiku.

Mama yangu huko Tanga huniuliza kwenye simu, "Mwanangu, huyo mtoto anakusikia?" Namjibu kwamba anasikia. Ninapomwimbia kwa Kiswahili, vidole vyake vya mkono wa kushoto husogea.

Mama huuliza hivyo kwa sababu ya mtoto wa mdogo wangu. Miaka mingi iliyopita alianza kuanguka njiani akiwa na miaka saba, akachapwa shuleni kwa kutosikiliza, akapelekwa hospitalini na kwa waganga, na akafariki kabla ya kutimiza tisa bila ugonjwa wake kupewa jina. Wapo waliosema amerogwa. Mdogo wangu alikuwa akimbeba mgongoni hadi kituo cha basi, mtoto wa miaka minane, miguu ikining'inia.

Sasa binti yake ana mimba ya miezi mitano. Nilipompigia simu kumwomba atafute daftari la matibabu la marehemu, alisema, "Dada, unanirudisha msibani," akakata. Sikumlaumu. Siku ya tisa aliniletea picha ya ukurasa mmoja wenye kutu za pini, na chini ya uzito wa mtoto daktari alikuwa ameandika kwamba anatapika mara kwa mara na ngozi yake imekuwa nyeusi kuliko kawaida. Sisi tulidhani ni jua la ufukweni. Tezi za adrenali zinaposhindwa kazi, ngozi hugeuka hivyo hivyo.

Sina kipimo, na siwezi kudai kwamba ulikuwa ALD. Asubuhi ile, zamu ilipokwisha, nilikaa jikoni pamoja na mama wa mvulana ninayemhudumia, tukautafsiri ukurasa ule neno kwa neno, naye akampelekea daktari wa mwanawe, akimuuliza namna damu ya mdogo wangu na ya binti yake inavyoweza kupimwa kabla mtoto hajazaliwa.