Hewa ya kilomita 400 juu ya Ziwa Victoria

Jana baada ya magharibi, pale Capri Point jijini Mwanza, mimi na mdogo wangu tulikiona Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kikikatiza juu ya ziwa. Akaniuliza, "Kaka, kile huwa hakishuki?"

Kinashuka, tena kila siku! Kule juu, kilomita 400 hivi, hewa bado ipo. Ni nyembamba mno, ila kitu kinachokwenda kilomita 28,000 kwa saa kinaigonga bila kukoma. Kikiachwa hupoteza kama kilomita 2 kwa mwezi, ndiyo maana injini huwashwa mara kwa mara kukipandisha. Na jambo linalonisisimua kila nikilifikiria: setilaiti inayokinzwa na hewa huishia kwenda kasi zaidi, kwa sababu inaporomokea mzingo (njia ya kuizunguka Dunia) wa chini, ambako mwendo ni mkubwa.

Jua nalo lina mkono wake. Likichafuka, tabaka la juu la hewa hupata joto, hutanuka, ukinzani unaongezeka. Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za intaneti za Starlink, dhoruba ya sumaku (msukosuko wa sumaku ya Dunia unaoletwa na Jua) ikazikuta zingali kwenye mzingo wa chini, karibu 40 zikapotea. Inauma, kazi yote ile.

Lakini hewa hiyohiyo ndiyo inayoshusha vipande vya setilaiti zilizokufa vikaungua. Vilivyoachwa kilomita 800 juu vitazunguka miaka na miaka, vikitishia vilivyo hai. Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi, na mdogo wangu nilimwambia hivyo hivyo.