Nilivyorudia jaribio la Galileo kwa alumini ya dirisha na mshipi wa kuvulia

Kila nilipouliza namna ya kuwaonyesha wanafunzi wangu wa kidato cha tatu jinsi kitu kinachoshuka kinavyoongeza mwendo, nilijibiwa ninunue kihisi cha kielektroniki cha kupima mwendo au niwaache wakariri fomula. Hilo la kukariri liliniudhi sana. Galileo, mwanasayansi wa Italia wa zamani, hakuwa na kihisi wala saa ya kuhesabu sekunde, na jibu alilipata.

Alichonga mfereji kwenye boriti ya dhiraa zipatazo 12, akautandika ngozi laini, akaviringisha humo tufe la shaba. Muda aliupima kwa maji: yalichuruzika kwa mrija mwembamba wakati tufe linashuka, kisha akayaweka kwenye mizani. Maelezo hayo yalichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638, yeye akiwa kifungoni nyumbani kwake kwa amri ya Kanisa.

Fundi alumini alinikatia kipande cha dirisha la kuslaidi, kama mita mbili, kwa bei ya soda chache. Gololi ya chuma ilitoka kwenye beringi mbovu ya gereji. Tulianza na saa ya simu, na kila mwanafunzi akaja na jibu lake. Kidole hakiwahi. Kwa maji na mzani wa jikoni mambo yalinyooka: robo ya njia ilitoa karibu nusu ya maji ya njia nzima. Mwanahistoria Koyré alishadai kwamba vifaa vya Galileo visingeweza kutoa vipimo sahihi, hadi mtafiti Thomas Settle alipolirudia jaribio mwaka 1961 likakubali.

Lakini raha yenyewe ni mshipi. Stillman Drake, aliyechambua karatasi za Galileo, alipendekeza kwamba huenda alifunga nyuzi kukatiza mfereji, zigongwe na tufe likipita. Baba wa Galileo, Vincenzo, alikuwa mpiga luti, ala ya ukoo mmoja na udi wa taarabu, na shingo ya luti hufungwa nyuzi hivyo hivyo. Nikachukua mshipi mwembamba wa kuvulia (mnene unaisimamisha gololi), nikafunga kwanza kwa nafasi sawa. Ta… ta.. ta.tata! Darasa zima likasikia mwendo unavyokua. Kisha nikahamisha vifundo: sentimita 12 toka mwanzo, halafu 48, 108 na 192. Ta, ta, ta, ta, mdundo mmoja, wanafunzi wakaufuata kwa makofi. Tofauti za nafasi ni 12, 36, 60, 84, yaani moja, tatu, tano, saba. Binti mmoja wa dawati la nyuma aliliona hilo kabla sijaandika ubaoni, na nilijivunia kama mwanangu.

Mwinuko wa tofali moja lililolazwa unatosha. Ukizidisha, sikio halifuati. Gololi iachie kwa kuondoa rula iliyo mbele yake, usiisukume kwa kidole. Na kifundo cha mwisho kikichelewa kulia, tazama katikati ya alumini: mara nyingi imebonyea, itilie kigingi.