Nilivyopata mafunzo ya utafiti wa tiba mtandaoni bila kuuza ng'ombe wa baba

Mwanafunzi wa Tanzania anapomaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba hukaa nyumbani hadi Julai kabla ya kuripoti kidato cha tano, nami niliazimia kuutumia muda huo kujifunza utafiti wa tiba kwa njia ya mtandao. Sababu ilikuwa ndani ya nyumba yetu, Geita. Mdogo wangu ana selimundu, ugonjwa ambao wengi kwetu huuita sikoseli, na kwa miaka mingi nimemsindikiza mama kliniki nikisikia majina ya dawa na vipimo ambavyo hakuna aliyetufafanulia.

Mtu wa kwanza tuliyemwendea alikuwa mshauri wa masomo aliyesifiwa sana mtaani. Hakuniuliza ninataka kujua nini. Alisema kwamba mwanafunzi wa sekondari hapokewi popote bila malipo, akatuonyesha programu ya wiki kumi inayotoza zaidi ya dola elfu tatu. Baba alinyamaza, na jioni nikamsikia akimwuliza mama ni ng'ombe wangapi wangetosha. Nilimwendea nikamwambia, "Baba, naomba unipe miezi miwili kwanza." Ushauri ule ulinikera, na unanikera hadi leo, kwa kuwa ninazifahamu familia ambazo zimeufuata.

Ni kweli kwamba programu mashuhuri zisizohitaji fedha nyingi hazikunifaa. Mafunzo ya kiangazi ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, zilizoko Bethesda, yalikuwa yakiwapokea raia na wakaazi wa kudumu wa nchi ile pekee, na programu ya tiba ya Chuo Kikuu cha Stanford kwa wanafunzi wa sekondari ina sharti kama hilo. Tafadhali someni kipengele cha uraia kabla ya kuandika insha. Mimi niliandika insha mbili, kila moja kwa usiku mzima, ndipo nikakiona.

Baada ya hapo niliandika barua pepe kwa maprofesa zaidi ya ishirini wa nchi mbalimbali. Zote zilikuwa na maneno yale yale ya Kiingereza niliyoyakuta mtandaoni, kwamba nina shauku kubwa na ninajituma, na nilichobadilisha ni jina la anayeandikiwa tu. Hakuna aliyejibu, isipokuwa mmoja ambaye mashine yake ilinijulisha kwamba yuko likizo.

Ndipo nilipoamua kusoma kwanza. Makala ya kitabibu huwa na anwani ya barua pepe ya mwandishi mmoja anayepokea maswali, tena makala nyingi husomwa bure kupitia PubMed, hazina ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Nilichagua makala moja tu, ya daktari Mtanzania aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu ng'ambo, nikaisoma kwa siku tisa nikiwa na kamusi pembeni. Katika jedwali la pili niliona kwamba idadi ya watoto walioanza kufuatiliwa ilikuwa kubwa kuliko ya waliohesabiwa mwishoni, na maelezo hayakusema wale wengine walikwenda wapi. Nikamwandikia kwa Kiswahili, mistari minane: shikamoo, mimi ni nani, mdogo wangu anaumwa nini, na watoto wale walikwenda wapi. Jibu lilikuja siku ya tatu: "Marahaba, mdogo wangu. Swali hilo ndilo aliloniuliza mhakiki wa jarida. Una muda gani kwa wiki?"

Daktari alitaka kwanza barua ya ridhaa ya baba, kwa kuwa sikuwa nimefikisha miaka kumi na minane, na vikao vyetu vya Jumamosi vilifanyika mzazi mmoja akiwepo chumbani. Alisema pia kwamba nitashughulika na makala zilizokwisha kuchapishwa tu, wala sitaona jalada la mgonjwa yeyote. Ukimkuta mtu anayetaka kukutumia taarifa za wagonjwa kwa WhatsApp ili "ujifunze", achana naye.

Kazi yetu ilikuwa mapitio ya kimfumo, yaani kukusanya na kuchambua kwa utaratibu maalumu tafiti zilizokwisha kufanywa, kuhusu dawa ya haidroksiyurea kwa watoto wenye selimundu barani Afrika. Dawa hiyo huongeza hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ya aina ile aliyonayo mtoto akiwa tumboni, ambayo huzuia chembe nyekundu za damu kupinda kama mundu. Nilikabidhiwa kazi ya kutafuta makala, nikafunga jina la dawa ndani ya alama za mtajo na kuagiza litafutwe katika kichwa na ikisiri, yaani muhtasari wa makala, pekee. Nilileta orodha safi iliyokosa makala nyingi muhimu, kwa sababu watafiti wa Uingereza na wengineo huiita dawa hiyo hiyo haidroksikabamaidi. Tangu siku hiyo huanza kwa kuandika majina yote ya kitu kabla sijagusa kisanduku cha kutafutia.

Mchujo wa ikisiri tuliufanya kwa Rayyan, programu inayomwezesha kila mmoja kuamua bila kuona uamuzi wa mwenzake. Katika mia za kwanza tulitofautiana kumi na tisa, na katika nyingi mimi ndiye niliyekosea.

Julai ikafika, nikaripoti shule ya bweni ambako simu haziruhusiwi kabisa. Kila mtu aliniambia kwamba mafunzo ya mtandaoni yameishia pale. Nilikwenda stesheneri, nikachapisha makala thelathini na moja kwa gharama ya elfu ishirini na kitu, nikanunua kauntabuku kubwa na rula. Kila usiku baada ya prepu nilichora jedwali kwa mkono: mji, mwaka, idadi ya watoto, umri, kipimo cha dawa, matokeo. Nilipofika ukurasa wa kumi na nne niliona ninaandika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale kwa mara ya tatu. Nilirudi nyuma nikilinganisha safu kwa safu, na moyo ulinienda mbio: makala tatu zenye waandishi wa kwanza tofauti zilitokana na jaribio moja la dawa hiyo liitwalo REACH, lililofanyika katika miji hiyo minne, ambalo matokeo yake makuu yalichapishwa mwaka 2019 yakihusu watoto 606 waliopewa dawa. Nilikuwa nimewahesabu watoto wale wale mara tatu, na jumla yangu yote ilikuwa batili.

Kosa hilo nilikuwa nimelifanya tayari nyumbani kwenye kompyuta bila kuliona, kwa kuwa pale niliandika jina la mwandishi wa kwanza na idadi tu. Kuandika majina ya miji kwa mkono ndiko kulikonifichulia. Nikaongeza safu mpya ya namba ya usajili wa jaribio, ile inayoanza na herufi NCT, ambayo haibadiliki hata makala zikiwa kumi. Mama alimtumia daktari picha za kurasa hizo baada ya siku ya wazazi kutembelea, naye akaagiza safu ile iingizwe katika fomu ya timu nzima. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia matokeo yangu ya kidato cha nne.

Gharama zote, kwa maana ya bando, kuchapisha na nauli, sidhani kama zilizidi laki moja na nusu kwa mwaka mzima. Ng'ombe wa baba wako wote.

Kuhusu jina langu kuwemo kwenye makala, daktari alinieleza mwanzoni masharti manne ya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba: mchango wa kweli, kushiriki kuandika au kuhakiki muswada, kuidhinisha toleo la mwisho, na kuwajibika kwa yote yaliyomo. Likizo ya Desemba niliandika sehemu ya mbinu mara sita hadi akairidhia. Muswada uko kwa wahakiki sasa, jina langu likiwa la tatu.

Wiki iliyopita amenitumia kazi nyingine, kuhusu upimaji wa watoto wachanga. Ninaanza na utafiti uliotumia matone 17,200 ya damu iliyokaushwa kwenye karatasi, yaliyokuwa yamechukuliwa Tanzania kwa ajili ya kupima VVU, ambao uligundua kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba cha selimundu. Makala yake nimekwisha kuitoa kwenye karatasi, na swali langu la kwanza kwa daktari linahusu jedwali la mikoa.