Nilivyojifunza Msamiati wa Kiingereza kwa Kufuatilia Mfumuko wa Bei

Kwa miaka mingi nilikuwa nikikariri maneno ya Kiingereza kutoka kwenye orodha, na kwa miaka hiyo hiyo nilikuwa nikiyasahau. Mwaka 2022, habari za kupanda kwa bei zilipokuwa zimetawala vyombo vya habari, niliamua kuachana na orodha na kufuatilia takwimu moja tu ya nchi moja: mfumuko wa bei wa Marekani. Sikuichagua kwa kuupenda uchumi, somo ambalo siku zote lilinitia usingizi, bali kwa sababu ofisi ya takwimu za kazi ya nchi hiyo hutoa taarifa yake kila mwezi, na taarifa ya mwezi huu hufanana mno na ya mwezi uliopita, isipokuwa tarakimu zimebadilika na vitenzi vimebadilika pamoja nazo. Anayejifunza lugha ya kigeni anahitaji marudio ya namna hiyo, na sikuyapata kwingine.

Nomino, ambazo ndizo zilizokuwa zikinitisha, hazikunichukua muda. “Inflation” ni mfumuko wa bei, “deficit” ni nakisi, “debt” ni deni, na mtu aliyewahi kusikiliza bajeti ikisomwa redioni anazijua dhana zenyewe kabla ya kuyajua maneno. Lililonisumbua ni “recession”, yaani mdororo wa uchumi. Takwimu za wakati ule zilionyesha kwamba pato la taifa la Marekani lilishuka katika robo mbili za mwanzo za mwaka 2022, na baadhi ya waandishi wakalitumia neno hilo huku wengine wakilikwepa. Ilinibidi nisome zaidi ndipo nikaelewa kwamba robo mbili mfululizo za kushuka ni kipimo cha mazoea tu, na kwamba Marekani uamuzi huachiwa kamati ya wanauchumi wa taasisi iitwayo NBER, ambayo hutazama pia ajira na mapato ya watu, na ambayo haikutangaza mdororo mwaka huo. Kamusi yangu haikuwa na lolote kuhusu jambo hilo.

Utajiri wenyewe niliukuta kwenye vitenzi. Mfumuko ulipofika asilimia 9.1 mwezi Juni 2022, waandishi walitumia “soar” na “surge”. Ulipoanza kupungua, hadi kufikia asilimia 3.0 Juni 2023, yakaja “ease”, “cool” na “slow”. Nilichora kwenye daftari mstari unaopanda na kushuka, nikaweka kila kitenzi mahali pake kulingana na ukali wa mteremko: “edge up” karibu na sehemu tambarare, kwa kuwa ni kupanda kidogo sana, na “plunge” pale mstari unapoporomoka ghafla. Mchoro huo, ingawa mbaya kwa macho, ulinifaa kuliko kadi zote za maneno nilizowahi kuandika.

Hata hivyo niliteleza, tena mbele ya mwenzangu niliyekuwa nikijifunza pamoja naye. Julai 2022 kiwango kilishuka kutoka asilimia 9.1 hadi 8.5, nami nikamweleza kwa kujiamini kwamba maisha ya Wamarekani yamekuwa nafuu. Aliniuliza swali moja tu: hiyo 8.5 inapima nini? Nilikuwa nimesahau kwamba inapima kasi ya kupanda kwa bei, wala si bei zenyewe, na kwamba tarakimu hiyo ilimaanisha bei bado ziko juu kwa kiasi hicho kuliko mwaka mmoja nyuma. Aibu ile ndiyo iliyonifunza tofauti kati ya “disinflation”, ambapo kasi hupungua, na “deflation”, ambapo bei kwa ujumla hushuka kweli.

Baada ya hapo nilianza kuviheshimu hata vihusishi. Juni 2022 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba “by” (kwa kiasi cha) pointi 0.75 ya asilimia, “to” (hadi) kiwango cha kati ya asilimia 1.50 na 1.75, na anayevichanganya vineno hivyo viwili anabadilisha habari nzima. Vivyo hivyo, riba inayotoka asilimia 4 hadi 5 imepanda kwa pointi moja ya asilimia, lakini pia imepanda kwa asilimia 25, na Kiingereza hakivumilii kuchanganya “percent” na “percentage point”.

Ndege nao walinichanganya. Nilipokutana na “hawk” na “dove” katika habari za benki kuu, nilidhani nimekosea ukurasa, kumbe mwewe ni anayetaka riba ipandishwe ili bei zidhibitiwe, na njiwa ni anayeona afadhali riba iwe nafuu ili ajira zisiumie.

Mwaka wa kwanza ulipokaribia kuisha niliweza kusoma taarifa nzima bila kamusi, hadi nilipofika kwenye “sticky”, neno ambalo nililijua kwa maana ya kunata kama gundi. Nilisoma aya ile mara tatu, kisha nikaandika daftarini neno ambalo kamusi haikunipa, yaani kung’ang’ania, kwa kuwa hicho ndicho bei zilichokuwa zikifanya: zilipanda, kisha zikagoma kushuka.